Mgomba wa Mzee Kanti

Kabla sijasema lolote, naomba lieleweke hili: sikuwa mke wa Mzee Kanti, sikuwa hawara yake, na sikuwa nangojea urithi. Nilikuwa nampikia. Nilimpikia miaka kumi na tisa, mchana na jioni, na Jumapili nilipokwenda misa nilimwachia chapati zimefunikwa mezani. Hapa Mbinga mjini watu wanajua kusema, na mimi nimechoka kuwajibu.

Jina lake lote lilikuwa Kantilal. Alikuwa Mhindu, mzaliwa wa Songea, fundi wa mashine za kumenya kahawa. Hakuna mkulima wa huku milimani ambaye mashine yake haikupita mikononi mwake. Mke wake alikufa zamani, watoto hawakujaliwa, na ndugu aliyebaki alikuwa mpwa mmoja wa Dar es Salaam ambaye kila akipigiwa simu alikuwa barabarani. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana. Jikoni kulikuwa na kirafu chenye picha za miungu yake, na kila asubuhi kabla ya kushika spana aliwasha ubani pale. Mimi nilizoea kupiga ishara ya msalaba nikipita mbele ya kile kirafu, yeye akacheka, na hatukugombana.

Tulichogombania ni habari ya kufa.

"Mwili ni bodi tu, Mama Vitalis," alikuwa akiniambia huku anamenya vitunguu saumu, maana hakuweza kukaa jikoni mikono mitupu. "Bodi ikichakaa, mota inafungwa kwenye bodi nyingine. Ukiishi vizuri unapata bodi nzuri. Ukiishi vibaya unaweza ukafungwa kwenye mbwa."

"Na mwisho wake nini?"

"Mwisho ni mota kurudi kwa mwenyewe aliyeitengeneza. Isifungwe tena popote. Sisi tunaita moksha. Hicho ndicho ninachokitaka. Nimechoka kurudi."

Hapo ndipo aliponiudhi. Sisi Wamatengo mtoto akizaliwa tunamtazama masikio, tunasema babu huyo karudi, tunampa jina na tunafurahi. Mjukuu wangu wa kwanza anaitwa Raimundi kama marehemu mume wangu, na akija likizo namuuliza mbele za watu, mume wangu, mbona hujaniletea kanga? Kwetu sijamsikia mtu anayekufa huku amechoka kurudi. Nikamwambia Mzee Kanti aende akatazame ngolo, yale mashimo tunayolima mteremkoni. Tunafyeka nyasi, tunazilaza, tunazifukia, zinaoza, na maharage yanaota juu yake. Mwaka unaofuata nyasi zinaota tena. Mbona nyasi hazilalamiki?

"Na mimi nimechoka kuwa nyasi," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Alipoanza kuvimba miguu aliniita karakanani akanikalisha kwenye kiti cha wateja. Akaniomba mambo matatu. Achomwe moto, asizikwe. Majivu yake yamwagwe ziwani, Mbamba Bay. Na la tatu, tusimwiteite. Alisema mtu akililiwa na kuitwa sana anageuka nyuma, na akigeuka ndiyo amerudi. Niliapa kwa rozari yangu. Sikutaka, ila niliapa, maana alinitazama kwa macho ambayo mtu huwezi kuyanyima.

Alikufa Juni, wakati wa mavuno, kila mtu ana mashine yake mbovu na kahawa inachachuka kwenye magunia. Alilazwa siku nne. Siku ya nne asubuhi nilirudi nyumbani kuoga na kumpikia uji, nikamwacha na wifi yangu Walburga, dada yake marehemu Raimundi. Kosa langu ni hilo, na nalikubali. Nilipopanda tena hospitalini na chupa ya uji, nilimkuta Walburga mlangoni amejaa furaha na machozi.

"Amekwenda, wifi. Lakini usihofu, nimembatiza. Nimemwita Ignatio."

Chupa ilinitoka mkononi. Nilimuuliza kama alikuwa na akili timamu. Akasema katekisimu inaruhusu, mtu akiwa hatarini kufa Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, maji anayo, maneno anayajua, na alimpenda mno yule mzee hata asingeweza kumwacha aende motoni. Alisema neno hilo, motoni, kwa mtu aliyeomba kuchomwa.

Nilipofika mtaani shemeji yangu Othmar, kaka yake Walburga na mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo, alikuwa ameshapanga kila kitu. Jeneza lilikuwa linapigwa randa. Vijana wanne walikuwa wanachimba kaburi makaburini kwa parokia, jirani kabisa na Raimundi wangu. Akina mama walikuwa wanachambua maharage. Kwa kweli walifanya kwa moyo mweupe. Mzee Kanti hakukosa msiba hata mmoja mtaani kwetu; alikuja na koleo lake mwenyewe, akachimba, akafukia, akaondoka bila kula. Sasa zamu yake ilikuwa imefika na hakuna aliyekuwa tayari kumzika kwa mzaha. Nilisimama katikati ya wale watu wema nikajiona nataka kuwapiga wote kwa mwiko.

"Shikamoo shemeji," nikamwambia Othmar. "Mzee hazikwi. Aliniachia neno."

"Marahaba. Neno alilokuachia ni la Kanti. Huyu ni Ignatio."

"Ignatio ameishi dakika kumi. Kanti ameishi miaka sabini na minane."

"Ndiyo maana tunamzika haraka, asirudi kwenye mambo yake."

Nilimpigia simu yule mpwa wa Dar es Salaam. Alikuwa barabarani. Akasema, "Fanyeni mnavyoweza, mama, nawaaminia," simu ikakatika. Nilipiga tena mara tano. Mtu unaaminiwa hivyo halafu huna wa kukusaidia hata kunyanyua machela.

Nikaenda kwa Padri Augustino. Ni kijana, umri wa Vitalis wangu, nilimwamkia Tumsifu Yesu Kristo nikaanza kueleza kabla hajajibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Walburga na Othmar, akawauliza, "Je, mgonjwa alikubali kubatizwa?"

"Alikohoa," akasema Walburga.

"Kukohoa si kukubali, mama."

Walburga akainamisha kichwa. Padri akasema ubatizo ule hautambui, na hata kama angeutambua, Kanisa halikatazi kumchoma maiti siku hizi, kwa hiyo kaburi si lazima. Mtendaji alikwishapigiwa simu, alikuwa anaandika kibali. Nilitaka kumbusu mikono yule mtoto. Othmar akaitikia kwa kichwa.

"Sawa, baba. Ila kaburi limeshachimbwa."

Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu wala halifukiwi tupu. Litamwita mtu mwingine wa ukoo au wa jirani, na jirani yenyewe nilikuwa mimi na wajukuu zangu. Dawa yake inajulikana: unazika shina la mgomba limeviringishwa shuka, kaburi linadhani limepata mtu, basi. Nikasema haya, zikeni mgomba wenu, mimi niacheni na mzee wangu. Sikuwa na nguvu ya kubisha tena. Vijana walikuwa wamefika kiunoni tu, wakagonga mwamba, hawakuendelea.

Nilipopita kuelekea hospitali nilimkuta Othmar shambani kwake anang'oa mgomba mzima, na tunguu lake na mizizi yake.

"Shemeji, kata shina tu," nikamwambia.

"Maiti haizikwi bila miguu," akajibu, jasho linamtoka. Alikuwa anafanya kazi vizuri, kama kawaida yake. Nikapita. Siku hizi nikikumbuka ile dakika najisikia kujing'ata ulimi. Ningesimama tu. Ningechukua panga mwenyewe.

Mgomba ukawa mrefu kuliko kaburi. Wakaulaza kimshazari, kichwa chini, miguu juu, shibiri moja tu ya udongo juu ya tunguu. Wakasali, wakachomeka msalaba. Walburga akaandika juu yake kwa rangi: Ignatio Kantilal. Nilimwona akiandika.

Sisi tulishuka ziwani na lori la kuazima. Kuni zilikuwa visiki vya mibuni ya zamani. Wakulima walipopata habari kila mmoja alileta vyake, mashine zao alizitengeneza yeye, na visiki vya kahawa vinashika moto kama makaa. Mbamba Bay tulipokewa na mzee mmoja wa wavuvi, Frederick, ambaye alitaka kujua jambo moja tu, upepo unaelekea wapi, maana wanawake walikuwa wameanika usipa, dagaa wa ziwa lile. Akatuonyesha mahali nyuma ya mawe. Niliwasha mimi. Kwao Wahindu anawasha mtoto wa kiume, lakini Mzee Kanti alikuwa amesema nitawasha mimi, nikapoteza njiti tatu. Moto uliwaka kuanzia asubuhi mpaka jua lilipokaribia milima ya ng'ambo. Sikulia. Sikumwita. Nilimwaga majivu majini hadi yalipoisha, nikapanda lori nikiwa nimechoka, lakini nimetimiza.

Hayo yangekuwa mwisho kwa watu wengine. Kwetu mvua zilianza Desemba.

Aliyeniletea habari ni Bernadi, mkulima wa Mbangamao, alisimama mlangoni amevua kofia. "Mama Vitalis," akasema, "mzee ameota."

Nilikimbia na kanga moja. Pale kaburini, kando ya msalaba wa Walburga, lilikuwa limechomoza jani la mgomba limejikunja, kijani kibichi, refu kama mkono. Wiki iliyofuata yakawa matatu. Nikaenda na panga nikayakata yote. Siku nne, jani likarudi katikati ya kidonda. Mgomba ndivyo ulivyo, kila mtu anajua, ukiukata ndiyo umeuchokoza. Nilikata mara sita kati ya Desemba na Februari, na mara ya sita ilikuta machipukizi matatu pembeni.

Na watu nao. Badala ya kuona haya, walifurahi. Walipita wakitoka shambani wakamwamkia, shikamoo mzee. Bernadi alikuja na mkono wa mashine yake ulioganda, akauegemeza kwenye mgomba, akasema, "Mzee, hii imenishinda," akauacha ulale pale. Kesho yake alipouchukua akaufunga, mashine ikazunguka. Nilimweleza kwamba grisi iliyokauka ililainishwa na mvua. Nilimweleza mara mbili. Aliniitikia kwa adabu zote, na wiki iliyofuata nikakuta pale spana, mikanda miwili iliyokatika na beringi.

"Mnamwita," nikamwambia Othmar. "Aliomba asiitwe."

"Shemeji, sisi hatujamwita. Amekuja mwenyewe. Si ndiyo dini yake hiyo, kurudi?"

"Dini yake ni kutorudi."

"Basi mbona karudi?"

Miaka kumi na tisa niliisikiliza ile habari jikoni, nikiibishia, na sasa ndimi peke yangu mjini ninayeitetea, Mmatengo, Mkatoliki, mwenye rozari mfukoni. Wale waliosema moto wa Kihindu ni dhambi ndio waliokuwa wanamwamini kuliko alivyojiamini yeye. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika hadi chakula hakipandi.

Siku moja Februari nilikwenda na jembe. Nilikwenda mchana kweupe ili asiseme mtu nimejificha. Nilichimba kuzunguka tunguu lote, nikakata mizizi, nikang'oa machipukizi yote matatu. Udongo mwekundu ulinijaa hadi kwenye nyusi. Na nilipokuwa nachimba nikagundua nazungumza naye kwa sauti, na nilichokuwa nasema hakikumhusu Othmar wala Bernadi.

Nilikuwa namwambia: miaka kumi na tisa nimekupikia. Nimejifunza kukaanga bizari yako isiungue. Nimejifunza kuacha nyama nyumbani kwangu ili mikono yangu isinuke ukisogea. Ulikuwa unakaa pale kwenye kigoda unamenya vitunguu saumu, unanicheka, na mimi nilikuwa naamka asubuhi nikifurahi kwamba kuna pa kwenda. Halafu unaniambia umechoka kurudi. Ulipokuwa unachoka, mimi nilikuwa wapi? Hapakuwa na kitu chochote hapa Mbinga, hata chapati, cha kumfanya mtu atake kurudi?

Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yangu. Nilikuwa nayo siku zote na sikuwa nimeiona. Nilikaa juu ya udongo nikalia kwa mara ya kwanza tangu afe, na nikamwita jina lake, Kanti, Kanti, mimi niliyeapa. Kisha nikajifuta nikamaliza kazi.

Tunguu la mgomba ni maji matupu, haliwaki. Nililikatakata vipande, nikavianika juu ya bati la karakana wiki tano, kila mvua ikija napanda ngazi kuvifunika na turubai. Watu walinitazama na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Vilipokauka nilivichoma jikoni kwake, kwenye mafiga, na vijiti vya kahawa, nikakusanya majivu kwenye kopo la mafuta ya kula, nikapanda gari la asubuhi kuteremka Mbamba Bay.

Frederick alikuwa anashona wavu palepale nyuma ya mawe. Alinitazama na kopo langu.

"Karibu mama. Pole. Umeleta mwingine?"

"Ni yuleyule," nikasema.

Alifikiri kidogo, akaona bora asiulize, akanisogezea mtumbwi ili nisilowe.

Nilirudi nimetulia. Kaburi nililisawazisha, msalaba nikampelekea Walburga mwenyewe mlangoni, akaupokea, akanikaribisha chai, nikakataa. Mwaka mzima ukapita hivyo. Karakana ilichukuliwa na kijana wa Nyoni ambaye anatengeneza bodaboda. Mimi nikarudi kwenye ngolo zangu, nikafyeka, nikalaza, nikafukia.

Juni iliyofuata, nikiwa napepeta maharage, Walburga akaja amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu mzito, ndizi nene. Akautua mbele yangu, akakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Wifi," akasema, "usinipigie kelele. Machipukizi yalikuwa manne."

Nikaweka ungo chini.

"Moja nililichukua mimi Januari, kabla hujaja na jembe. Nililipanda nyuma ya jiko. Nilitaka kukwambia siku ulipoleta msalaba, nikaona uso wako nikaogopa." Akavuta ncha ya kanga akaanza kuikunjakunja. "Nilimbatiza kwa sababu nilitaka tumkute huko. Sikuwa na maana nyingine. Wewe ulikuwa na miaka yako naye, sisi wengine hatukuwa na kitu."

Nilitaka kusimama niende na jembe nyuma ya jiko lake. Nilijiona kabisa ninavyokwenda. Kisha nikafikiria bodi moja na mota moja, na panga, na turubai, na kopo, na Frederick anauliza umeleta mwingine, na hilo tunguu nalo lingekuwa na machipukizi, na hayo nayo nani ameyachukua. Nikabaki nimekaa.

"Toka," nikamwambia. "Ndizi ziache."

Alipoondoka nilizimenya. Nilizipika alivyokuwa anazitaka yeye, kwa bizari na vitunguu saumu, bila nyama, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kila kitu, miaka miwili sijapika vile. Nikapakua sahani moja. Nikaitazama, nikapakua ya pili, nikaiweka mbele ya kigoda chake, nilichokihamishia kwangu.

"Mimi nimetimiza ahadi," nikamwambia. "Nimekuchoma mara mbili. Waliokurudisha ni hao."

Zilikuwa tamu. Nilikula yangu yote kwa hasira, na nilipomaliza nikavuta ile sahani ya pili nikaanza kuila, nikiwa nimemwita tena na ninajua.